Mwalimu Mgeni Anapokuwa Hana Kipindi



Kwa miaka kadhaa sasa ofisi ya miradi imekuwa ikipokea barua kutoka kamati za sharika zinazoomba kuletewa mwalimu wa Kiingereza kutoka ng'ambo, kwa njia ya sharika rafiki. Barua hizo hufanana. Kamati huandika kwamba chumba kipo, mlango una kufuli, choo kimejengwa, maji hayako mbali, na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake amekubali kupika. Wafadhili wetu nao wanapojibu huuliza jambo moja: kijana wetu atafundisha vipindi vingapi kwa wiki? Sijapata hata siku moja barua, ya kutoka huku wala ya kutoka huko, inayouliza mgeni huyo atafanya nini wakati hana kipindi. Makala hii inahusu swali hilo, kwa sababu ndilo lililotugharimu zaidi.

Hesabu yenyewe

Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Tuchukue mfano wa mgeni aliyepewa vipindi 16 kwa wiki. Hiyo ni dakika 640, yaani saa 10 na dakika 40. Shule ikianza saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9 alasiri, kwa siku tano tunapata saa 37 na nusu. Ukitoa vipindi vyake zinabaki karibu saa 27. Kweli, kuna kusahihisha: mikondo mitatu yenye wanafunzi 60 kila mmoja ni madaftari 180, na kwa dakika 3 kila daftari ni saa 9. Tumpe na saa 5 za kuandaa masomo. Bado zimebaki saa 13 ambazo hazina jina.

Hapo tumehesabu wiki nzuri. Hatujagusa wiki za mitihani ya katikati ya muhula, michezo ya UMISSETA, mapokezi ya Mwenge, ugeni wa kiongozi, au msiba wa mwalimu mwenzao ambapo nusu ya walimu wanapanda gari kwenda kuzika. Mgeni aliyepangiwa kidato cha nne, mwezi Novemba watahiniwa wakishamaliza mtihani, hana darasa kabisa.

Mwalimu mwenyeji naye anazo saa kama hizo, ila hazimsumbui. Ana shamba la mpunga la kupalilia, ana mtoto wa kupeleka zahanati, ana kikoba chake, pengine ana kazi ya Chuo Kikuu Huria anayotakiwa kuikabidhi. Mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo. Anakaa ofisi ya walimu. Maongezi yanaanza kwa Kiswahili, yakinoga yanahamia Kisukuma, watu wanacheka, na yeye anabaki na kikombe chake cha chai. Walimu si wakorofi. Wengi wao wanaogopa kuongea Kiingereza kibovu mbele ya mwenye lugha yake, kwa hiyo wananyamaza, na yeye anaukuta ukimya huo bila kujua umetoka wapi.

Aliyeondoka kabla ya Pasaka

Mgeni wetu mmoja alifika mwezi Januari katika shule ya kata iliyo kando ya ziwa. Alikuwa na miaka 23, amemaliza chuo kwao, mchangamfu, ana gitaa. Maandalizi niliyasimamia mimi mwenyewe: kitanda, chandarua, jiko la gesi, ndoo ya kuchujia maji. Nilijivuna kidogo, nikiri.

Wiki ya kwanza mkuu wa shule alikuwa kwenye semina na ratiba ilikuwa haijatoka. Wiki ya pili wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa bado wanaripoti mmoja mmoja, maana wazazi walikuwa wanatafuta fedha za sare na madaftari. Kila mwenye kufahamu shule zetu anajua Januari ilivyo. Mgeni hakujua. Alikaa. Kuanzia wiki ya tatu akawa anabaki chumbani asubuhi ambazo hakuwa na kipindi. Walimu wakasema huyu anatudharau. Yeye akajiambia kwamba hapa sihitajiki. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno, na mimi niliyekuwa na gari la ofisi nilipita pale mara moja tu katika miezi mitatu.

Aliondoka kabla ya Pasaka. Mwenyekiti wa kamati ya usharika rafiki aliniandikia kwa upole sana kuuliza kilichotokea. Usharika huo ulikuwa unajadili kuchangia matanki ya kuvuna maji ya mvua katika shule hiyohiyo. Mjadala ulisimama kwa miaka miwili, na watoto waliendelea kuchota maji ziwani. Nimeeleza hivi ili kamati zisidhani kwamba saa 13 za mgeni ni jambo la kumstarehesha mzungu.

Klabu ya saa 10 jioni

Baada ya hapo tulielemea upande wa pili. Mgeni aliyefuata, mwanamke wa makamo aliyekuwa mwalimu kwao kwa miaka mingi, tulimwambia kabla hajafika: jitafutie kazi, usikae. Akatii. Alianzisha klabu ya Kiingereza kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, na mwanzoni alijaza darasa. Alikuwa na kalamu za rangi na vitabu vya hadithi. Picha zilizotumwa kwa wafadhili zilipendeza mno.

Mwezi wa pili mama mmoja alimfuata mwinjilisti wa mtaa ule baada ya ibada. Alisema, "Mwinjilisti, tunamshukuru sana mgeni wenu, Mungu ambariki. Lakini binti yangu anafika nyumbani giza limeingia, maji hayajachotwa, na ile njia ya kwenye miwa mnaijua." Mwinjilisti akanipigia simu usiku uleule. Njia ile tuliijua wote. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba klabu ikifungwa saa 12, msichana anayetembea saa nzima hadi nyumbani anafika usiku.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mgeni asingeweza kulijua. Pwani ya ziwa letu dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika. Giza likirudi mialo inachangamka, mitumbwi inaingia alfajiri, na akina mama pamoja na watoto wanaanika na baadaye wanaanua. Kwa hiyo mahudhurio ya shule iliyo karibu na mwalo hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Klabu ilikuwa inajaa wiki moja na kuwa na watoto wanane wiki nyingine, naye akadhani ni mafundisho yake yaliyochosha. Mjumbe yeyote wa kamati angemweleza kwa dakika tano. Hatukumweleza kwa sababu kwetu ni jambo la kawaida mno kiasi kwamba halionekani.

Klabu haikufa. Ilihamishiwa baada ya chakula cha mchana, dakika 40, siku mbili kwa wiki, na siku za giza ikawa hadithi fupi tu kwa waliopo. Zawadi za kalamu zilisitishwa. Idadi ilipungua na wale waliobaki walikuwa wanataka kusoma kweli.

Saa 4 asubuhi, nyuma ya ofisi

Ninachotaka kueleza hasa kilitokea katika shule ya tatu, na sisi ofisini hatukukipanga. Ilikuwa shule ya msingi. Mwalimu mmoja wa kike, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 15, ndiye aliyekuwa akifundisha Kiingereza darasa la tano. Siku moja baada ya chai ya saa 4 alimwomba mgeni watoke nje, nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha mwembe. Akamwambia, "Madamu, naomba nisome, wewe unisikilize. Usinicheke." Akafungua kitabu cha kiada cha darasa lake mwenyewe na kusoma kwa sauti ukurasa ambao angeufundisha saa 5.

Mgeni alinieleza baadaye kwamba alishangaa. Mwalimu yule alijua sarufi kuliko yeye. Angeweza kutaja nyakati zote za vitenzi kwa mpangilio. Ila katika miaka yote hiyo hakuwa amepata mtu wa kuongea naye Kiingereza kwa dakika kumi mfululizo. Alisomea ualimu wakati ambapo lugha hiyo iliandikwa ubaoni na kunakiliwa, na hivyo ndivyo alivyoifundisha.

Wakaendelea kila siku ambayo wote hawakuwa na kipindi. Nusu saa Kiingereza, na robo saa mwalimu akamsahihisha mgeni Kiswahili chake, ambacho kilikuwa na makosa ya kuchekesha na walicheka. Nadhani hapo ndipo aibu ilipokwisha: kila mmoja alikuwa mwanafunzi. Wiki ya nne walimu wawili wengine walivuta viti. Mmoja wao alikuwa wa hisabati, wala hakuhusika na Kiingereza. Alisema ana mtoto anayekwenda kidato cha kwanza na anataka kuweza kumsaidia.

Anavyofikiri mzazi huyo ndivyo ilivyo. Mtoto wa Tanzania katika shule ya msingi ya serikali anasoma miaka yote kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengi. Siku anapoingia sekondari, biolojia na jiografia vinageuka kuwa Kiingereza. Wasomaji watakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri kabla matokeo hayajapangwa upya mwaka huohuo. Sababu zilikuwa nyingi na lugha ni mojawapo tu. Lakini aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza mwezi Machi ameona watoto wenye akili wakinyamaza kwa kukosa maneno.

Mgeni akifundisha vipindi 16, akiondoka vipindi hivyo vinaondoka naye. Mwalimu wa darasa la tano yupo. Ana watoto wapya kila Januari, na kwa umri wake ana miaka mingi kabla ya kustaafu.

Kwa nini basi mgeni aje?

Hapa naomba niseme wazi, ingawa najua wapo watakaonuna. Peace Corps ilipoanza kuleta vijana wa Kimarekani Tanganyika mwaka 1961, wa kwanza walikuwa wapima ardhi na wahandisi. Walimu wakafuata, na walihitajika. Chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba mwaka huo kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Walimu wa sekondari wenye shahada waliozaliwa hapa walikuwa wa kuhesabu. Wazee wetu waliosoma Bwiru au Nsumba miaka ile wanakumbuka walimu wa mataifa mbalimbali.

Leo hali si hiyo. Hapa Mwanza peke yake tuna Chuo cha Ualimu Butimba, na pale Malimbe Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kinatoa wahitimu wa ualimu kila mwaka. Upungufu mkubwa katika sekondari uko kwenye hisabati na sayansi. Vijana wetu waliosomea kufundisha lugha wapo mitaani wakisubiri ajira, wengine wanaendesha bodaboda. Usharika unaoomba mgeni ili azibe vipindi vya Kiingereza unapaswa kwanza kuuliza kama hakuna kijana wa usharika huohuo mwenye cheti anayeweza kulipwa posho kwa sehemu ya fedha zitakazotumika kwa nauli ya ndege. Mara nyingi yupo, na pengine anaimba kwaya.

Kile ambacho kijana huyo hawezi kukitoa ni kuwa mtu ambaye njia yake ya kawaida ya kuongea ni Kiingereza, anayelazimisha kwa upole wenzake waongee. Kitu hicho hakipatikani kwenye kipindi chenye watoto 60 kwa dakika 40. Kinapatikana saa 4 nyuma ya ofisi. Kwa mtazamo wangu, saa zile zisizo na jina ndizo sababu ya mgeni kuja, na vipindi ni kibali chake cha kuingia ofisi ya walimu. Tungempa vipindi 10 badala ya 16 isingekuwa hasara.

Kwa wafadhili naomba uvumilivu. Walimu wanne wazima wakisoma kitabu chini ya mwembe hawapendezi kwenye picha kama watoto walioinua mikono. Katika ripoti zetu mtaona idadi ndogo.

Jioni na Jumamosi

Zipo pia saa ambazo shule imefungwa. Wageni wengi wakiona ziwa wanataka kuogelea, na mara nyingi hakuna anayewakataza kwa sababu watoto wetu wanaogelea. Kando ya ziwa kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Prazikwanteli inatibu, lakini mgeni anaweza kurudi kwao bila kujua anaumwa nini, na daktari wa kule asifikirie. Kamati imwambie siku ya kwanza, na pia imwonyeshe mahali penye mamba.

Kujifunza lugha na desturi hujaza jioni vizuri kuliko kompyuta. Kilomita chache kutoka mjini, pale Kisesa, kuna Bujora. Kituo kile na Makumbusho ya Wasukuma vilitokana na Padre David Clement, mmisionari wa Kikatoliki kutoka Kanada, aliyetumia miaka yake mingi kusikiliza wazee, ngoma na historia za watemi. Sisi Walutheri hatuna haya kumtaja. Mgeni wa miezi kumi hatafika alipofika yeye, lakini Jumamosi moja Bujora akiwa na mwalimu mwenzake wa kumfafanulia itampa maswali ya kuuliza kwa wiki nyingi, na mwenye maswali hakai peke yake.

Mambo mawili ya kisheria, kwa ufupi. Mgeni anayefundisha, hata bila mshahara, anahitaji kibali cha kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, pamoja na kibali cha ukaazi. Kwa wanaojitolea ni daraja C. Viza ya utalii haimruhusu kusimama darasani, na shughuli za ziada za jioni nazo ni kazi. Pili, kwa kuzingatia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ofisi hairuhusu mgeni kufundisha watoto chumbani kwake, kubaki na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa, wala kutuma picha za watoto bila mkuu wa shule kujua na wazazi kukubali.

Yule mwalimu wa darasa la tano nilimtembelea mwezi Februari uliofuata, mgeni akiwa ameshaondoka. Chini ya mwembe walikuwa watatu. Wa hisabati alikuwa amehamishiwa Sengerema. Walikuwa wanasomeana kwa zamu, mmoja anasoma na wawili wanasikiliza, na walikuwa wamekwama kwenye neno moja ambalo hata mimi sikuwa na hakika nalo. Tulilitafuta kwenye simu yangu.

Kamati zinazotaka mgeni kwa mwaka ujao wa masomo zilete maombi ofisi ya miradi kupitia kwa mkuu wa jimbo kabla ya mwisho wa Agosti. Pamoja na maelezo ya chumba na chakula, tunaomba sasa karatasi ya ziada yenye mambo haya: ratiba ya shule ya wiki moja ya kawaida, siku za giza na za mbalamwezi kama shule iko karibu na mwalo, saa ambayo wasichana wanatakiwa wawe wamefika nyumbani, na jina la mwalimu mmoja ambaye amekubali, kwa hiari yake, kukaa na mgeni baada ya chai ya saa 4.